Mwizi Hakuanguka

Binti alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta ngumu, kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, na kabla hata ya kumwamkia baba yake alisimama mlangoni akasema:

"Baba, hakuanguka."

Mama yake alikuwa nyuma yake na mfuko wa dawa. Alimsukuma begani taratibu aingie, akamkalisha, akamwekea mto chini ya mkono. Baba mtu alikuwa amesimama katikati ya sebule kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Siku hiyo alikuwa amepeleka makochi kwa mteja mtaa wa mbali, simu ikamzimikia, na habari alizikuta kwa majirani zimeshapoa.

"Nani hakuanguka, mwanangu?"

"Mwizi."

Akaeleza. Alikuwa ametoka kazini, kwenye duka la dawa anakouza, jua bado halijazama, watu wapo njiani. Alipofika kwenye ukuta mrefu wa ghala, kijana mmoja mwembamba, wala si wa kutisha, akaudaka mkoba wake. Msichana mwingine angeuachia. Yeye hakuuachia, kwa sababu kabatini kwake ulikuwemo mkanda mweusi, na aliyemfunga mkanda huo kiunoni mbele za watu alikuwa baba yake mwenyewe.

"Nikamshika kifundo cha mkono kama ulivyonifundisha. Nikaingia. Nikageuka. Kila kitu, Baba. Na yeye akabaki amesimama. Akawa ananitazama kama anayemtazama mwendawazimu. Halafu akanisukumia ukutani kwa mkono ule ule niliomshika, na mimi simwachii, nasema sasa ataanguka, sasa ataanguka. Nikasikia mkono wangu unalia."

Hakutoa chozi. Alikuwa ameshalia huko hospitali akamaliza. Sasa alikuwa anauliza kama mwanafunzi anavyouliza.

"Nilikosea wapi?"

Baba yake alijibu upesi, jibu lile lile alilozoea kumpa kila mtu kila jioni, likatoka mdomoni lenyewe kama mlango uliolegea bawaba.

"Kiuno. Hukukizungusha kiuno vya kutosha."

Binti akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilijua. Nilijua tu ni kiuno."

Mama, aliyekuwa akisoma karatasi ya dawa, akainua macho, akamtazama mumewe, akayarudisha macho kwenye dawa.

Mtaa mzima ulimwita baba huyo Mwalimu, ijapokuwa hakupata kusimama mbele ya ubao hata mara moja. Kazi iliyomlisha ilikuwa makochi: kuvua vitambaa vilivyochoka, kukaza springi, kukata sponji, kupigilia kitambaa kipya mpaka kochi la marehemu likafanana na la bwana harusi. Nyuma ya karakana palikuwa na chumba kirefu kilichowahi kuwa stoo ya mbao. Humo alitandika magodoro aliyoyashona mwenyewe kwa masalio ya sponji na turubai, na humo, jioni, aliwafundisha watu kujihami. Watu waliita karate, maana ukivaa nguo nyeupe ukafunga mkanda hakuna atakayekuuliza zaidi. Lakini ngumi zilikuwa chache, sehemu kubwa ilikuwa kushika na kutupa. Yeye alifundishwa na mzee mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ambaye enzi za nguvu zake, waliomwona husema, alimwinua mtu mzima kama anayeinua mtungi.

Na chumba kile kilikuwa na adabu yake. Mkubwa akikushika, huleti ubishi. Akigeuka, unageuka naye, akishuka, unashuka, unaanguka vizuri, unapiga godoro kwa kiganja, pa!, unasimama, unainamisha kichwa, unasema ahsante. Kujikaza mbele ya mkubwa kulihesabiwa utovu wa adabu, tena waliambiana ni hatari, kiungo chaweza kuteguka. Mgeni aliyejikaza siku ya kwanza aliambiwa kwa upole, "Lainika, ndugu yangu, lainika." Baada ya muda analainika. Baada ya muda zaidi anaanguka hata kabla hajavutwa, wala mwenyewe hajui. Kuanguka walikuwa wanajua, hilo hakuna wa kuwanyang'anya. Ungewamwaga kutoka darini wakainuka wanacheka.

Kwa hiyo mwenye mkanda wa juu aliwatupa wa chini, na Mwalimu aliwatupa wote. Kwenda kushindana na watu wa nje alikataza. Alisema mashindano ni ya wapenda makofi, wao walichojifunza ni cha uhai na kifo. Maneno makubwa hayo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa miaka na miaka na watu waliolala chali.

Plasta haikumtuliza binti. Daktari alimpa mapumziko, na siku moja adhuhuri Mwalimu aliporudi nyumbani kuchukua mkasi aliousahau, alisikia chumbani kwa binti miguu ikiburura sakafuni: sh, sh, kisha kishindo kidogo. Sh, sh, kishindo. Akachungulia. Binti alikuwa mbele ya kioo cha kabati, mkono mgonjwa umening'inia kwenye kitambaa shingoni, mkono mzima umeshika mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Anaingia, anageuka, anazungusha kiuno. Anarudi, anaingia, anageuka. Jasho linamchuruzika mpaka kidevuni.

"Mwanangu, si uliambiwa upumzike?"

"Nakitafuta kiuno, Baba. Tazama. Hapo vipi?"

Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililomkata maini. Kiuno cha binti kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote chumba kile, pamoja na chake mwenyewe, na hakikuanza leo. Ndiyo maana alimfunga mkanda. Mtu mwenye kiuno kama kile hakisahau kwa sababu ya ukuta wa ghala.

"Kizuri," akasema.

"Basi akitokea mwingine, safari hii anakwenda chini."

Mwalimu akashika njia ya karakana. Alipofika aligundua kwamba mkasi hakuuchukua.

Jioni mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Mwanamke huyu hakuwa wa maneno mengi, lakini alikuwa na tabia ya kusema neno lake moja na kuliacha likuhangaishe.

"Baba watoto, siku ile wewe ulikuwepo pale ukutani?"

"Nilikuwa nimepeleka makochi. Si unajua?"

"Basi ulijuaje kuwa ni kiuno?"

Mwalimu akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Mimi karate yenu siijui," mke akaendelea, anakung'uta shuka. "Lakini nikipika, mtu akaumwa tumbo, kwanza naonja sufuria yangu. Ndipo nimwulize alikula nini kwingine."

"Unataka kusema nini?"

"Nimeshasema."

Akabeba nguo zake akatoka. Mwalimu akapiga magoti kusali kama ilivyo desturi yake, lakini sala ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alimwombea binti apone, hapo hapakuwa na shida. Alipotaka kuomba mwizi apatikane, alijikuta anaogopa apatikane kweli, aletwe, aulizwe mbele ya watu alivyofanyiwa na alivyojisikia. Akasema amina kabla ya wakati.

Shemeji yake, ndugu wa mkewe, alikuwa mpakiaji wa magunia. Walimwita Winchi kwa sababu ya mabega yake. Chumba cha karate hakuwahi kukanyaga ila kwa kucheka, na mchana akipata nafasi alikuja karakanani kukalia makochi ya watu.

"Shemeji, hili nalo mwenyewe hajalifuata?" Akajitupa juu yake.

"Inuka, una vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi."

"Kochi lisilokaliwa lina faida gani? Haya, Dokta wetu anaendeleaje?" Dokta ndilo jina alilompa mpwa wake tangu aanze kuuza dawa. "Pole yake. Lakini nyie watu nyie! Mnafungiana mikanda kwa kuanguka. Mimi nimeanguka na magunia tangu ujana, mbona hata kamba sijafungwa?"

Siku nyingine Mwalimu angemjibu. Siku hiyo alikwenda kufunga mlango wa karakana.

"Inuka. Nishike mkono."

"Nimefanya nini tena?"

"Nishike kama unataka kuninyang'anya kitu. Usinihurumie."

"Shemeji, dada yangu ataninyonga."

"Dada yako ndiye aliyenituma."

Hakuwa amemtuma kwa mdomo, lakini haukuwa uongo mtupu.

Winchi akamshika. Mwalimu akadaka kifundo, akaingia, akageuka, akazungusha kiuno. Ilikuwa kama kuzungusha nguzo ya umeme. Winchi alingoja, uso wake wa adabu, kama mtu aliye kwa kinyozi.

"Bado?" akauliza.

"Lainika kidogo," Mwalimu akasema, na maneno hayo yakamrudi masikioni mwake mwenyewe.

"Nilainike? Si umesema nisikuhurumie?"

Wakarudia. Upande wa kushoto. Kwa kiwiko. Kwa kola. Kila alichowahi kumfundisha mtu alikitoa, kama anayemwaga kisanduku cha vyombo vya kazi akitafuta msumari mmoja. Winchi hakujua anachotakiwa kukiogopa, kwa hiyo hakukiogopa. Akivutwa, anavuta, akihisi anayumba, anapanua miguu kama afanyavyo chini ya gunia, basi. Mwishowe akachoka na mchezo asiouelewa, akamsukuma shemejiye kwa kiganja kifuani, wala si kwa nguvu, na Mwalimu akarudi kinyumenyume akaketi kwenye fremu ya kochi isiyo na sponji, juu ya springi tupu.

Springi zikalia. Winchi akaanza kucheka, akauona uso wa mwenzake, akakimeza kicheko.

"Ni umri, shemeji," akasema. "Wewe na mimi si vijana."

Kwa neno hilo Mwalimu alitandikiwa mahali laini pa kulala, angetaka angelala. Umri. Lakini binti yake hakuwa na umri huo, na mwizi hakuwa na mabega ya Winchi.

"Si umri."

"Basi ni nini?"

"Nenda zako, Winchi. Na usimwambie dada yako."

"Si umesema ndiye aliyekutuma?"

Jioni wanafunzi walijipanga mstari kama kawaida: makarani, wauza maduka, mama mmoja fundi cherehani ambaye mkanda wake wa njano aliupiga pasi, na mbele yao Spana, fundi magari, mkubwa wa darasa, aliyepata mkanda mweusi kabla ya wote. Mwalimu akawaambia:

"Leo ile adabu yetu ya kuanguka tumeivua pamoja na viatu. Nikikushika, baki umesimama kama unaweza."

Wakatazamana. Mama wa cherehani akanyoosha mkono. "Mwalimu, na tukivunjika?"

"Hamtavunjika," akasema, na alikuwa na hakika nalo kuliko lolote alilowahi kuwaambia.

Akamwita Spana. Spana akaja, mtu wa mikono mizito yenye grisi isiyotoka kwenye kucha, akasimama. Mwalimu akashika, akaingia, akageuka. Spana akabaki amesimama. Mara ya pili alisogea tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mwalimu akatia nguvu zote alizobakiwa nazo, meno yameumana, na mara hii Spana akapaa, akazunguka, akatua godoroni, pa!, anguko zuri la kupigwa picha.

Watu wakapiga makofi. Wengine walicheka kwa kushusha pumzi.

Lakini Mwalimu alikuwa ni mtu wa vitambaa. Ukimpa kipande cha kitambaa gizani angekuambia kwa vidole kama kilichanika au kilikatwa. Na vidole vyake vilikuwa kwenye nguo ya Spana. Alimsikia anaondoka mwenyewe. Kikamwingia kitu kibaya zaidi: kwamba anguko hilo halikuwa na tofauti yoyote na mengine yote aliyoyasikia mikononi mwake miaka hiyo yote. Ni lile lile.

Akawaruhusu mapema. Spana akabaki kupanga magodoro.

"Umejiangusha."

"Umenitupa, Mwalimu."

"Spana."

Fundi magari akaketi juu ya godoro, akafungua mkanda wake, akaanza kuukunja.

"Watu walikuwa wanatazama. Ulitaka nifanyeje? Nikuache umening'inia shingoni kwangu mbele ya akina mama?"

"Tangu lini unajua?"

"Kujua ni neno kubwa."

"Nakuuliza tangu lini."

"Kuna kijana mmoja pale gereji, tulishikana kwa utani. Nikasema leo nimwonyeshe. Nikaingia, nikageuka. Akanimwagia oili chafu kichwani, mimi bado nageuka." Spana akacheka kidogo peke yake. "Siku hiyo nikajua kimo changu. Nikasema, basi, hii ni kama kwaya. Watu wanakuja, wanatoka jasho, wanaheshimiana, wanarudi makwao wametulia roho. Kwaya haimpigi mtu, Mwalimu, na hakuna anayeilaumu."

"Na ukaniacha nimfunge binti yangu mkanda. Ulisimama hapo hapo ukapiga makofi."

Spana akaendelea kuukunja mkanda. Alipojibu, sauti yake haikuwa na ubishi.

"Wewe ni baba yake. Mimi nilidhani unajua. Nilidhani sote wawili tunajua, tunanyamaza kwa heshima. Mbona na wewe mzee aliyekufundisha alipozeeka mlikuwa mnamwangukia? Wewe mwenyewe ulitusimulia, tena kwa fahari."

Ni kweli alisimulia. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka walimwangukia kwa mapenzi, wasimvunje moyo, na yeye aliyekuwa kijana aliona hiyo ndiyo heshima kubwa kupita zote. Mzee alipokufa hakuna aliyesimama akasema, jamani, sasa tuache. Mtu hujikuna ajipatapo. Mgongoni hafiki, akawaachia wanaompenda wamkune, nao wakawa wanakuna hewa.

"Usiwaambie," Spana akasema. "Ukiwavua hiki watabaki na nini? Hawatakushukuru."

"Nitaanza na mmoja."

Binti alikuwa sebuleni, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kwenye mgongo wa karatasi ya dawa. Mama yake alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Mwalimu hakuketi, akijua akiketi atatafuta maneno mazuri.

"Mwanangu, hukukosea kiuno."

Binti akaweka kalamu chini. "Basi ni mguu?"

"Hukukosea kitu. Ulifanya sawasawa kabisa, kama nilivyokufundisha."

"Na hakuanguka."

"Na hakuanguka. Hata mimi asingeniangukia. Nimejaribu kwa mjomba wako, nimejaribu kwa Spana. Pengine yupo duniani mtu anayejua kweli kumwangusha asiyetaka kuanguka. Huyo si mimi. Mimi najua kuwashika watu wanaotaka."

Binti alikuwa anatazama vidole vyake vilivyochungulia kwenye plasta, vimevimba, kama vya mtu mwingine.

"Kwa hiyo ningempa mkoba."

"Ndiyo."

"Ndani kulikuwa na kitana, na funguo, na kipande cha sabuni." Akavigusa vidole vilivyovimba. "Ile siku nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nilijibu haraka ili nisipate kufikiri."

"Na siku ya kioo? Ulisimama mlangoni ukaniambia kizuri."

"Kilikuwa kizuri."

"Baba!"

Hiyo ndiyo mara pekee sauti yake ilipopanda. Mama akajongea hatua moja, akasimama. Binti akavuta pumzi, na aliposema tena alisema polepole, kama mtu anayetafuta njia chumba kilichozimwa taa.

"Kosa langu ningelirekebisha. Nilikuwa nimeshaanza kulizoea. Nasema, nilikosea, sitakosea tena, siku ikija nitakuwa tayari. Nilikuwa nalala kwa sababu hiyo. Sasa hili lako mimi nilifanyeje?"

Mwalimu akamgeukia mkewe, anatumaini neno. Mke akasema, "Mwache mtoto apumzike," basi.

Tumeandikiwa kwamba kweli itatuweka huru, na mimi siwezi kupingana na Maandiko. Lakini jioni ile kweli ilimkuta kila mmoja mahali pake ikamwacha hapo hapo. Asubuhi koti halikuwepo tena msumarini. Binti akaacha kujizoeza, na pamoja na kujizoeza akaacha kutoka. Mtu akigonga mlango wa uani anashtuka, akisikia viatu nje ya dirisha anageuka. Zamani alikuwa anatembea mtaani kifua mbele kwa uongo wa baba yake. Uongo umeondoka, na kifua nacho kimekwenda nao.

Wanafunzi aliwaambia siku iliyofuata, wote wamesimama mstari. Wengine walitazama miguu yao. Karani mmoja akauliza, mikanda yetu je? Mama wa cherehani alilia, akasema Mwalimu amechanganyikiwa kwa uchungu wa mwana, tumwombee. Wakamwombea kweli, kwa sauti, naye amesimama katikati yao, kisha wakahamia ukumbi mwingine wakamfanya Spana mwalimu. Spana alikuja kuomba magodoro. Alimpa. Alimsaidia na kuyapakia.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikataa kunyooka. Daktari akasema utakuja wenyewe, au utabaki hivyo, tumwachie Mungu. Rafu za juu za duka la dawa binti hakuzifikia tena, akapangiwa kukaa kwenye kaunta. Siku ya kurudi kazini alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine unasindikiza, baba yake akamwambia:

"Jioni nitakuwa nakuja kukuchukua."

"Uje ufanye nini, Baba?"

Haikuwa kejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na hilo lilimwuma baba yake kuliko kejeli. Majibu ya zamani yalimjia yote mdomoni, makubwa, yenye mikanda. Akayaacha yapite. Akajipima kama anavyopima kochi la mtu kabla ya kusema kitambaa kitatosha au hakitatosha.

"Mbio sina. Kupigana sijui," akasema. "Lakini mimi ni mzito, na mtu akinishika nitamng'ang'ania. Akitokea, wewe kimbia. Mimi nitabaki naye."

"Ubaki naye akufanye nini?"

"Atakachoweza. Wewe utakuwa umeshafika mbali."

Binti alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta usoni kwa baba yake kama hili nalo ni la kuaminika, na baba akasimama akatazamwa.

"Njoo basi," akasema.

Jioni Mwalimu alisimama nje ya duka la dawa, nguo zake za kazi zina nyuzi na vumbi la sponji. Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani kifuani, alimwona kwa ndani akatoka kumlaki kwa mikono miwili.

"Ahaa! Mwalimu mwenyewe! Leo Dokta anachukuliwa na jeshi zima. Nani sasa atathubutu?"

"Mama, mimi ni fundi makochi," akasema. "Karate siijui. Niliowafundisha nimeshawaambia."

Mama mwenye duka akaangua kicheko, akampiga begani. "Mnasikia? Ndivyo wasemavyo waliobobea wote! Debe tupu ndilo linalovuma. Aliyejaa utamsikia akisema, mimi fundi makochi!" Na wateja waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka, wakamtazama Mwalimu kwa macho ya heshima.

Akafungua mdomo aseme tena. Akamtazama binti yake. Binti alikuwa ameshaweka mkoba begani, upande wa mbali na baba yake, na uso wake hauna kicheko wala hasira.

"Twende, Baba," akasema. "Giza lisitukute."

Akatangulia, mwendo wa haraka, hakugeuka nyuma. Yeye akamfuata kwa mwendo alioweza.